Milimita Moja kwa Siku

Phelista Nakhumicha alipoteza macho akiwa na miaka mitano, mwaka ambao surua ilipita Kamukuywa nyumba kwa nyumba. Kwa miaka arobaini iliyofuata hakujiona mtu aliyepungukiwa na kitu kikubwa, kwa sababu alikuwa na kidole. Kidole chenyewe kilikuwa cha shahada, cha mkono wa kulia. Ndicho kilichomsomesha, kikampa cheti cha ualimu, na sasa kilikuwa kinamlisha katika shule moja ya msingi karibu na Kanduyi, ambako watoto wanaoona na wasioona walikaa darasa moja. Walimu wenzake walisema Mwalimu Phelista husoma nukta nundu kama mtu anayepangusa vumbi mezani: mkono unapita tu na maneno yanatoka.

Jumamosi moja ya Januari, baada ya chai ya asubuhi, alitumbukiza mkono huo kwenye beseni la vyombo. Chini ya povu kulikuwa na glasi iliyovunjika, imesimama wima kama kisu. Alichosikia kwanza kilikuwa kitu kama umeme, kikapiga kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi ncha za vidole, kisha kimya. Maumivu yalikuja baadaye. Akajua maji yamebadilika joto, akajua hiyo ni damu.

"Baba Nekesa!" akaita. "Njoo!"

Mumewe, Khaemba, karani wa ofisi ya ardhi, alikuwa nje anaongea kwa simu. Alikuja mbio, akauzungushia mkono taulo, akapiga kelele kwa majirani wenye gari. Katika zahanati moja ndogo mjini waliosha kidonda, wakakishona, wakafunga bendeji nyeupe, wakasema arudi baada ya siku kumi kutolewa nyuzi. Hakuna aliyemuuliza kama anasikia vidole vyake.

Nyuzi zilipotolewa, alirudi nyumbani, akaketi kwenye kiti chake kando ya dirisha, akafungua kitabu cha hadithi alichokuwa akiwaandalia darasa la tano. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Karatasi haikuwa na kitu. Akafikiri amefungua ukurasa mtupu. Akafungua mwingine, na mwingine. Mwishowe akapitisha kidole cha mkono wa kushoto, na nukta zilikuwa pale pale zimejaa, safu kwa safu. Alifunga kitabu, akakiweka mapajani, akakaa hivyo mpaka Khaemba aliporudi kutoka sokoni.

"Kimekufa," akamwambia.

"Nini kimekufa?"

"Kidole."

Walielekezwa Kitale, ambako kila Jumanne daktari wa upasuaji wa mikono, Kang'ethe, alikuwa akija kuona wagonjwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono yenye joto. Alimgusa Phelista kidole gumba, akauliza. Akagusa cha shahada, akauliza. Akagusa cha kati, akauliza. Kila mara Phelista alijibu kwamba hajaguswa bado.

"Neva imekatika," daktari akasema. "Ilipaswa kushonwa siku ile ile. Lakini wiki tatu si vibaya sana. Tutafungua tena, tushone."

"Utashona nini hasa?"

"Nitakuonyesha," akasema, na Phelista akasikia karatasi ikivutwa kutoka kwenye droo, halafu ikasimama hewani. "Pole, Mwalimu. Ni picha. Nimesahau."

"Hata mimi husahau," Phelista akasema. "Nimezoea kuona kwa njia nyingine."

Upasuaji ulifanyika wiki hiyo hiyo. Siku ya tatu, akiwa bado kitandani Kitale na mkono umefungwa kwenye plasta, alijiwa na mama mmoja mwenye sauti ya chini aliyejitambulisha kuwa Cheptoo, anayefanyisha wagonjwa mazoezi ya mikono.

"Daktari ameniambia uliuliza swali akashindwa kukujibu," Cheptoo akasema. "Nimekutengenezea kitu. Nipe mkono wa kushoto."

Kitu chenyewe kilikuwa na urefu wa mkono. Nje kilikuwa na ngozi laini ya mpira, na Phelista akaitambua mara moja.

"Hii si tyubu ya baiskeli?"

"Ni tyubu ya baiskeli ya bwanangu, bado hajui imepotea. Hiyo ndiyo ala ya nje ya neva. Ingiza kidole ndani."

Ndani mlikuwa na mafungu manne au matano, kila fungu limefungwa kwa plastiki nyembamba. Phelista akafungua moja. Akapata nyuzi za mkonge, na kila uzi umevishwa vipande vifupi vya mrija wa soda, kipande baada ya kipande, na kati ya kipande na kingine nafasi ndogo ambamo uzi ulikuwa wazi. Akafuata uzi mmoja kuelekea juu mpaka akafika kwenye shanga kubwa iliyoning'inia pembeni.

"Hiyo shanga ndiyo seli yenyewe," Cheptoo akasema. "Ina kiini ndani, kama seli nyingine yoyote. Lakini haikai kidoleni. Yako iko hapa." Akamgusa nyuma ya shingo, kando kidogo ya uti wa mgongo. "Seli zako za kuhisi zimejikusanya hapa. Kila moja imetoa uzi wenye matawi mawili. Tawi moja linaingia kwenye uti, kupeleka habari ubongoni. Tawi la pili linashuka begani, linapita mkono wote, mpaka ncha ya kidole."

"Seli moja? Kutoka shingoni mpaka kidoleni?"

"Moja tu. Kwa unene unywele unaishinda mara nyingi, lakini kwa urefu ni mkono mzima."

Phelista alikuwa amefundisha miaka ishirini na miwili na hakuwahi kuambiwa jambo hilo. Akaupitia tena ule uzi, kutoka kwenye shanga hadi mwisho wake.

"Na hii mirija?"

"Hizo ni seli nyingine kabisa. Kazi yao ni kujiviringisha kwenye uzi, tabaka juu ya tabaka, vile unaviringisha chapati kabla ya kuisukuma. Zina mafuta mengi. Habari hairuhusiwi kupita polepole. Inaruka kutoka mwanya mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana ukigusa moto mkono unatoka haraka hivyo."

"Sasa glasi ilikata wapi?"

Cheptoo akamwongoza kidole hadi mahali ambapo tyubu ilikuwa imekatwa na kushonwa kwa uzi mwembamba. Chini ya hapo mirija ilikuwepo, imepangika vizuri, lakini ilikuwa mitupu. Hakuna mkonge ndani.

"Uzi ukitengwa na seli yake unakufa," Cheptoo akasema. "Mwili umeshaufagia. Lakini hizi seli za kuviringisha hazijafa. Zimejipanga mstari, zinangoja. Daktari ameshona ala tu. Nyuzi ni maelfu, hakuna mwanadamu wa kuzishona moja moja. Zitaota zenyewe kutoka juu, ziingie kwenye njia hizi, zishuke."

"Kwa kasi gani?"

"Milimita moja kwa siku. Mwezi wa kwanza unaweza usione kitu."

Phelista akapima kwa shubiri kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha shahada. "Sentimita kumi na saba," akasema. "Hiyo ni Agosti. Au Septemba." Kisha akauliza lile lililokuwa likimkera tangu aguse mirija mitupu. "Na kila uzi utajuaje njia yake ni ipi?"

"Nyingi zitajua," Cheptoo akasema. "Nyingine zitapotea, Mwalimu. Sitakudanganya."

Aliporudi Kanduyi, mwalimu mkuu alimpa nafasi ya kufundisha kwa kusimulia hadi atakapopata nafuu. Nyumbani, Khaemba alibadilika. Mtu ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kufua hata soksi, sasa aliosha vyombo asubuhi na jioni, na kila glasi alipoiosha aliirudisha kabatini kabla ya kushika nyingine. Alimmiminia mkewe chai, akamkatia nyama, akamfungia vifungo vya blauzi. Jambo lililomchosha Phelista zaidi ni kusomewa. Kila jioni baada ya kazi Khaemba alikaa karibu naye na gazeti, akasoma kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

"Wananchi walijitokeza kwa wingi tangu alfajiri kula," akasoma siku moja.

"Kula nini?"

"Si kula, bana. Kula. Kupiga kula."

"Kura, Baba Nekesa."

"Si ndivyo nimesema?"

Phelista akacheka, na Khaemba akacheka pia, lakini yeye alirudi kwenye gazeti upesi mno. Phelista alijua kulikuwa na jambo limekaa ndani ya mumewe. Alilijua tangu ile Jumamosi. Nyumbani walikuwa wawili tu. Binti yao Nekesa alikuwa chuoni Eldoret. Na yeye Phelista hakuwa amevunja glasi yoyote. Aliamua kungoja.

Huku akingoja, alianza kuufundisha mkono wa kushoto. Mkono huo maisha yake yote ulikuwa msaidizi tu: ulishika mwanzo wa mstari ili wa kulia usipotee. Sasa ulitakiwa kusoma. Ulikuwa mzito kama mtoto wa chekechea. Herufi zilizofanana uliziona kitu kimoja. Ukurasa ambao zamani aliumaliza kwa dakika tatu ulimchukua nusu saa, na akiufikisha mwisho alikuwa amesahau mwanzo ulisema nini. Siku nyingine aliuacha katikati akaenda kupalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba, kwa sababu magugu hayahitaji kusomwa.

Wiki ya sita baada ya upasuaji, plasta ikiwa imeshatolewa, alifanya kama Cheptoo alivyomfundisha: akagonga polepole kwa kidole juu ya kovu, halafu chini yake kidogo. Chini ya kovu, mahali pasipokuwa na uhai wowote kwa miezi miwili, kitu kikamchoma kama siafu na kukimbilia kwenye vidole. Akagonga tena. Kikachoma tena. Akachukua rula yake yenye alama za kugusa, akapima. Milimita tisa.

"Baba Nekesa!" akaita, na Khaemba alikuja akikimbia vile vile kama siku ya glasi, sabuni ingali mkononi. "Zimeanza kuota."

Tangu hapo kila Jumapili wakitoka kanisani alipima. Kumi na tano. Ishirini na mbili. Wiki moja hakuenda hata nukta, wiki iliyofuata akaruka kumi. Mwezi wa Mei alikuwa katikati ya kiganja. Hakumwambia mtu shuleni. Lilikuwa jambo lake, na kwa namna fulani alilifurahia zaidi kwa sababu hakuna aliyeweza kuliharakisha.

Mwezi wa Juni ndio uliomtia hofu. Alikuwa jikoni, anakoroga uji, na mkono wa kulia ameuegemeza kando ya jiko. Alisikia harufu kabla ya kusikia kitu kingine chochote. Akafikiri ni uji unaungua. Akainama kunusa sufuria, na uji ulikuwa salama. Khaemba aliyekuwa mezani ndiye aliyeruka, akamvuta mkono, akauingiza kwenye ndoo ya maji. Ncha ya kidole cha kati ilikuwa imeungua kwenye ukingo wa sufuria, na yeye hakuwa na habari.

"Haiumi," Phelista akasema. Hicho ndicho kilichomtisha.

Khaemba aliendelea kuushika mkono ndani ya maji. Phelista akasikia pumzi yake ikikatika katika.

"Mama Nekesa," akasema. "Ile glasi ni mimi."

Phelista akauweka mwiko chini.

"Iliniponyoka asubuhi ile nikisuuza. Ikapasuka humo ndani. Nikasema nitaitoa, ndipo simu ikalia, nikatoka. Nikasahau. Nilisahau kabisa, mpaka nikasikia ukiniita. Nilipoingia nikaiona, nikaitupa kabla majirani hawajafika. Ati nilifikiri ukijua..." Hakumaliza.

"Nilijua," Phelista akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku hiyo. Nani mwingine alikuwa humu ndani? Paka?"

"Na ukanyamaza miezi mitano?"

"Nilikuwa nangoja uniambie. Nilikasirika, Baba Nekesa. Si kwa glasi. Glasi huvunjika. Nilikasirika kila jioni ukiniletea gazeti badala ya kuniletea hilo neno."

Khaemba alilia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekohoa. Phelista alimwacha alie. Aliutoa mkono majini, akautikisa, akamshika bega.

"Sasa sikiliza," akasema baadaye, wakiwa wamekaa na uji umepoa. "Usinisomee tena gazeti. Kuna kazi nyingine. Cheptoo aliniambia nyuzi zikifika, ubongo hautazielewa. Habari iliyokuwa inatoka hapa sasa inatoka pale. Lazima zifundishwe upya. Nitafutie beseni, ujaze maharagwe."

Ndivyo ilivyokuwa jioni zote za Julai, Agosti na Septemba. Khaemba alizika vitu kwenye beseni la maharagwe: kifungo, ufunguo, kizibo cha soda, pini, punje ya mahindi. Phelista alivitafuta kwa mkono wa kulia na kuvitaja. Mwanzoni alikosea vyote. Alipoguswa kidole gumba alisema cha kati. Alipoguswa cha shahada alisema ni gumba na cha kati kwa pamoja. Kizibo alikiita kifungo, kifungo akakiita punje. Hata hivyo Khaemba hakuchoka. Alijifunza kuficha vitu kwa hila, akaleta klipu za karatasi kutoka ofisini, akaleta msumari, siku moja akaleta jino la mamake marehemu alilokuwa amelitunza kwenye kopo. Phelista alipolitambua kuwa jino alipiga kelele, akamrushia maharagwe.

"Hilo siligusi tena!"

"Lakini umelijua," Khaemba akasema, na sauti yake ilijaa furaha. "Umelijua kwa mkono wa kulia."

Huko shuleni mkono wa kushoto ulikuwa umepevuka bila yeye kutambua siku yenyewe. Asubuhi moja ya Septemba aliingia darasa la tano, akafungua kitabu, akaanza kusoma hadithi kwa sauti. Alipofika ukurasa wa tatu ndipo alipogundua kwamba hakuwa akihesabu nukta. Alikuwa akisoma. Aliendelea bila kusimama, kwa kuogopa kwamba akisimama uwezo huo utaondoka. Watoto hawakujua chochote kilichotokea. Walitaka tu kujua fisi amefanya nini baada ya hapo.

Novemba walirudi Kitale. Cheptoo alichukua klipu ya karatasi, akainyoosha, akaikunja iwe na ncha mbili, akamgusa ncha ya kidole cha shahada mara nyingi, mara kwa ncha moja, mara kwa mbili.

"Moja au mbili?"

"Moja. Moja. Mbili. Moja."

Akazisogeza mbali. Akajaribu tena. Mwishowe akaweka klipu chini.

"Unazitofautisha zikiwa mbali milimita nane," akasema. "Kwa neva iliyochelewa kushonwa, hiyo ni nzuri sana. Unaweza kufunga kifungo, unaweza kujua moto, unaweza kujua kitu ni nini."

"Nukta za breli ziko mbali milimita mbili na nusu," Phelista akasema.

"Najua, Mwalimu. Nilitafuta jana."

Nje, mtu alikuwa akisukuma kitanda chenye gurudumu bovu. Phelista aliuchukua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaupapasa kutoka shingo ya mkono hadi ncha. Zilikuwa zimesafiri njia yote hiyo, nyuzi zile, mwaka kasoro miezi michache, zikapapasa kwenye giza, nyingine zikafika nyumba isiyokuwa yao. Alihisi huzuni, na aliiacha ikae naye kwa muda.

"Hakitasoma tena," akasema.

"Kinaweza kuboreka kidogo mwaka ujao. Kusoma kama zamani, hapana. Sidhani."

"Basi kitafanya kazi za nyumbani. Kimesoma vya kutosha."

Cheptoo akacheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka, na Phelista akamwambia asiombe.

Jioni hiyo nyumbani, jua likiwa bado linaingia kupitia dirishani, Phelista alikaa kwenye kiti chake akisoma kwa mkono wa kushoto. Khaemba akavuta kiti kingine, akakaa karibu sana.

"Unataka nini?"

"Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hiyo breli. Siku nyingine nikuandikie kitu mimi mwenyewe, usisubiri Nekesa arudi kukuandikia."

Phelista akamgeuzia kitabu. Khaemba akainama juu yake.

"Hapana, si kwa macho. Funga macho. Usiniibie."

"Nimefunga."

"Umefungua. Nasikia unavyopumua ukitazama."

Khaemba akafunga kweli. Phelista akachukua kidole chake kinene cha karani, akakiweka mwanzo wa mstari.

"Nini hapo?"

"Chembe za mchanga."

"Polepole. Usibonyeze, gusa tu. Ngapi?"

"Moja," Khaemba akasema. Akasita. "Hapana, mbili. Ziko juu na chini. Ama tatu?"

"Mbili. Hiyo ni *b*. Songa."

Kidole kikasonga, kikakwama, kikarudi nyuma. Khaemba akashusha pumzi kwa nguvu, akaanza tena kutoka mwanzo.